Beji za Askari wa Keya: Historia Yake, na Haja ya Kuziandikia Majina



Ni desturi ya kijitabu hiki kwamba baada ya hesabu za fedha, na orodha ya misiba tuliyosaidiana, na habari za karo za watoto, huwekwa pia makala moja ya historia. Mwaka huu kamati imechagua habari ya beji za kijeshi za zamani, yaani zile alama ndogo za shaba na za kitambaa walizovaa babu zetu na baba zetu walipokuwa askari wa Keya.

Jambo hili si mchezo wa watu wenye nafasi. Hapa Rhonda, na kwa jirani zetu wa Kaptembwo, wanunuzi wa skrepu hupita vichochoroni na mizani zao, na shaba ina bei. Beji iliyovaliwa na mtu katika misitu ya Burma hutiwa katika gunia moja na vipande vya bomba na betri mbovu, nayo hupimwa kwa kilo. Upande wa pili, wako watu Ulaya na Marekani, na wengine Nairobi, wapendao kukusanya beji za namna hii, nao hulipa fedha nyingi kupata moja iliyo kamili. Wa kwanza hajui kwamba kitu kile kina historia. Wa pili aijua historia ya kikosi, bali hajui habari za mtu aliyeivaa beji. Katika njia zote mbili jina la askari hupotea, na hilo ndilo tutakalo kulizungumza.

1. Beji ni kitu gani

Yafaa kwanza tutenge vitu vitatu ambavyo watu wengi huvichanganya. Nishani hutolewa kwa mtu kwa ajili ya vita alivyopigana au tendo alilotenda, nayo huning'inia kifuani kwa utepe. Tepe ni alama ya cheo inayoshonwa mkononi: moja ya koplo mdogo, mbili za koplo, tatu za sajini, na sajini meja wa kombania alivaa taji. Lakini beji ni alama ya kikosi. Haisemi mtu huyu ni hodari, wala haisemi ni mkubwa au mdogo. Husema tu: huyu ni wa watu fulani. Kwa hiyo beji ya askari wa kawaida na ya mwenziwe wa mstari mmoja zilikuwa sawa kabisa, na hapo ndipo yanapoanza matatizo ya mkusanyaji. Beji mia za kikosi kimoja zikimwagwa mezani, hakuna awezaye kusema ipi ilikuwa ya nani.

Nishani za Vita Kuu ya Kwanza ziliandikwa jina na namba ya mwenyewe. Zile za Vita ya Pili, kama Nyota ya Afrika na Nyota ya Burma, Uingereza ilizitoa bila jina. Basi kwa askari wa vita ile ya pili, hata nishani yake imekuwa bubu kama beji yake.

2. Mwanzo wa Keya

Kikosi tunachokiita Keya, kwa kufuata herufi za Kiingereza K.A.R., kiliundwa tarehe 1 Januari 1902. Serikali ya Uingereza iliunganisha majeshi matatu iliyokuwa nayo: lile la Afrika ya Kati, yaani Nyasaland ambayo leo ni Malawi; lile la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1895; na lile la Uganda. Vilitoka vikosi sita. Cha kwanza na cha pili vilikuwa vya Nyasaland, cha tatu cha nchi yetu, cha nne na cha tano vya Uganda, na cha sita cha Somalia ya Waingereza.

Askari wa siku zile alivaa jezi ya buluu nzito, kaptura ya kaki, na vitambaa vya buluu vilivyozungushwa miguuni kutoka kifundo hadi goti. Wengi walikwenda bila viatu, au kwa ndara. Kichwani alivaa tarbushi, na alipokuwa safarini aliifunika kwa kitambaa cha kaki chenye ubapa wa kukinga shingo na jua. Juu ya kitambaa hicho ndipo ilipowekwa alama ya kikosi, mara kwa namba za Kirumi, mara kwa namba za Kiarabu. Wengi wa askari wa kwanza wa Uganda walikuwa Wanubi kutoka Sudani, nao walileta desturi zao za jeshi, hata majina ya vyeo kama ombasha na shaushi. Mwanzoni mwa karne ile Wanubi wa Keya walipewa mahali pa kukaa Kibra, karibu na Nairobi, na wajukuu zao wako pale hata leo.

Alama iliyoelekea kudumu katika Keya ilikuwa baragumu, ambalo katika jeshi la Uingereza ni ishara ya vikosi vya bunduki vyenye kwenda kwa wepesi. Mabegani askari alivaa herufi tatu za shaba za jina la kikosi. Katika gwaride alivaa tarbushi na mshipi mpana wa kitambaa kiunoni, vyote viwili kwa kawaida vyekundu, isipokuwa watu wa Nyasaland waliokuwa na tarbushi nyeusi. Katika Vita ya Pili tarbushi iliachwa kwa gwaride, na vitani ikavaliwa kofia pana iliyokunjwa upande mmoja. Kofia hiyo ndiyo watu wengi wa umri wetu tuliyoiona katika picha za ukutani.

3. Vita Kuu ya Kwanza

Vita ilipoanza Agosti 1914, Keya ilikuwa na vikosi vitatu tu, vyenye kombania ndogo 21, maana vikosi vingine vilikuwa vimevunjwa ili kupunguza gharama. Kufikia mwisho wa vita vilikuwa 22. Twaomba wasomaji waitazame hesabu hiyo kwa makini. Kutoka vitatu hadi 22 katika miaka minne, na kila mtu aliyeingia alitolewa katika kijiji fulani, na mama fulani alibaki mlangoni akitazama njia.

Adui alikuwa Mjerumani wa Tanganyika, na askari wake walikuwa Waafrika kama sisi. Nao walivaa tarbushi yenye kifuniko cha kaki, ila mbele yake palikuwa na tai wa chuma, alama ya Kaisari. Basi ndugu walipigana na ndugu, wakitambuana kwa kipande cha chuma kichwani. Tena, mwaka 1917 kikosi cha sita cha Keya kiliundwa upya, na wengi wa watu wake walikuwa wale wale waliokuwa askari wa Mjerumani. Mtu alimvua tai, akavaa alama ya Mwingereza, na vita ikaendelea. Jambo hili lapasa kumkumbusha kila mkusanyaji kwamba beji haimwonyeshi mtu kamili. Huonyesha tu alikuwa upande gani siku ile.

Vita haikuisha hapa siku ilipokwisha Ulaya. Von Lettow-Vorbeck na askari wake waliweka silaha chini huko Abercorn, ambapo leo ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Katika Keya waliouawa na kujeruhiwa walihesabiwa 5,117, na wengine 3,039 walikufa kwa maradhi.

Lakini kuna kundi lililokufa kuliko askari wote, na ndilo ambalo mkusanyaji wa beji hulipata kwa shida sana, kwa kuwa halikupewa alama za fahari. Hao ni wapagazi wa Kikosi cha Kariakoo. Walibeba risasi, unga na majeruhi kwa vichwa na mabega, mahali ambapo mbung'o waliua ng'ombe na punda. Serikali yenyewe ilihesabu zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria husema walizidi. Jina lao limebaki katika mitaa ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, zipo sanamu tatu za shaba zilizowekwa mwaka 1928, na mmoja wa wale watatu ni mpagazi. Maandishi ya pale yaahidi kwamba wana watakumbuka majina ya baba zao. Walakini sanamu ile haina jina hata moja.

Baada ya vita, serikali ilitoa mashamba kwa wazungu waliokuwa askari, kwa mpango wa mwaka 1919. Mwafrika aliyepigana vita ile ile hakuwekwa katika mpango huo. Yeye alipewa kipande. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka kumi na sita alilazimishwa kubeba karatasi ya alama za vidole na majina ya mabwana zake, katika kikopo cha chuma kilichofungwa shingoni. Basi yule aliyekuwa ameivaa shaba ya Mfalme kwa kujidai akarudi kuvaa chuma kingine kwa kudhalilishwa. Harry Thuku alipoanza kusema juu ya kipande mwaka 1921, waliomsikiliza walikijua kikopo kile kwa uzito wake shingoni. Sisi twaona kwamba katika sanduku lolote la kumbukumbu za askari wa vita ile, kikopo cha kipande kinastahili kukaa kando ya beji. Kimoja bila cha pili husimulia nusu ya hadithi.

4. Vita ya Pili na kichwa cha kifaru

Katika Vita ya Pili watu walioandikwa kutoka Kenya peke yake walikaribia laki moja. Hawakuwa wa bunduki peke yao. Walikuwako mapaonia wa kuchimba, madereva, mafundi, wapiga mizinga, wauguzi, wapishi na makarani. Walipigana na Waitaliani katika Somalia na Uhabeshi, na Addis Ababa ilitwaliwa tarehe 6 Aprili 1941. Mwaka 1942 walipelekwa Madagaska. Kisha wakavushwa bahari kwenda Ceylon, ambayo ni Sri Lanka, na mwaka 1944 wakaingia Burma.

Safari ile ya bahari ilikuwa na msiba wake. Tarehe 12 Februari 1944, meli iitwayo Khedive Ismail ilipigwa na nyambizi ya Wajapani, ikazama kwa dakika chache. Watu karibu 1,300 walikufa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Beji zao ziko chini ya Bahari ya Hindi, wala hakuna mkusanyaji atakayezifikia.

Divisheni iliyokwenda Burma ilikuwa ya 11 ya Afrika Mashariki, na alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru kilichofanywa kwa kitambaa na kushonwa mkononi. Wenzetu wa Afrika Magharibi, divisheni ya 81, walivaa buibui, yule Ananse mwerevu wa hadithi zao. Kifaru alishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika ya kule, katika matope na malaria, hata wakaitwaa Kalewa na kuvuka mto Chindwin, Desemba 1944. Wale wasioonekana tena waliandikwa pamoja na wenzao katika ukumbusho wa Taukkyan, karibu na Rangoon, wenye majina yapatayo 27,000.

Beji za kitambaa hazinunuliwi na mtu wa skrepu, na kwa sababu hiyo hutupwa. Nondo huzila, panya huzitandika katika viota vyao, au mama huzichoma pamoja na nguo kuukuu za marehemu. Ndiyo maana kifaru wa Burma aliye mzima ni adimu kuliko shaba. Kama yuko mwanachama mwenye koti la kijeshi la zamani katika sanduku, twamsihi autazame mkono wa koti kabla ya kuutoa.

5. Siku za Hatari, na jambo la Lanet

Kamati ilipotoa wazo la kukusanya beji hizi, mzee mmoja alisimama akauliza swali ambalo hatuwezi kulipita. Alisema: "Mwataka kuiweka katika kabati moja beji ya mtu aliyepigana na Wajapani, na beji ya mtu aliyeingia msituni kumwinda kaka yangu?" Kikao kilinyamaza.

Swali hilo ni la haki. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, ikaisha 1960, na katika miaka ile vikosi vya Keya vilipigana pamoja na majeshi ya Uingereza dhidi ya Mau Mau. Katika Bonde la Ufa, jamaa za Wakikuyu waliokuwa wakikaa katika mashamba ya wazungu waliondolewa kwa maelfu, wakasukumwa kurudi Mkoa wa Kati na vyombo vyao vichwani. Wako wanachama wetu waliozaliwa katika nyumba za waliofukuzwa, na wako waliozaliwa katika nyumba za askari. Wanatoa ada katika daftari moja, na kuzikana katika makaburi yale yale.

Jibu la kamati lilikuwa hili. Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, alijifunza vita akiwa askari wa Keya huko Burma, kisha akaingia msituni kupigana na serikali ile ile iliyomfundisha, akakamatwa Januari 1954. Bildad Kaggia alikuwa karani wa jeshi katika vita vile, naye aliporudi akawa mmoja wa walioidai nchi. Kama tungetupa kila beji ya Keya kwa sababu ya miaka ya Hatari, tungezitupa na za hao. Kuhifadhi beji si kuisifu. Ni kuikubali kuwa shahidi, na shahidi huitwa barazani hata akiwa na habari za kuumiza. Lakini twalikubali shauri la mzee wetu kwa upande mmoja: kila beji ya miaka ile itaandikwa mwaka wake waziwazi, na kando yake itaandikwa habari ya waliokuwa upande wa pili, kwa maneno ya jamaa zao wenyewe.

Jambo la Lanet nalo ni letu, kwa kuwa kambi ile iko hapa Nakuru. Uhuru ulipopatikana, Desemba 1963, vikosi vya Keya vya nchi yetu vilibadilishwa jina vikawa Kenya Rifles. Jina la Mfalme likaondoka. Walakini maofisa wakubwa walikuwa bado Waingereza, na mshahara wa askari ulikuwa mdogo kuliko matumaini yake. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Siku tatu baadaye wakafuata wa Jinja, Uganda. Na usiku wa 24 Januari askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles walitwaa silaha Lanet. Majeshi ya Uingereza yaliyokuwa Gilgil yaliitwa kuwazuia. Baadaye baadhi yao walihukumiwa na mahakama ya kijeshi, na kikosi kikavunjwa. Ajabu ni kwamba ile kambi ya Colito ilipewa jina la vita ya Mei 1941 katika Uhabeshi, ambako askari wa Keya walipata sifa kubwa. Tangu sifa ile hata uasi ule ni miaka isiyotimia ishirini na tatu. Watawala waligeuza jina la kikosi upesi, bali yaliyokuwa moyoni mwa askari hawakuyashughulikia upesi vile.

6. Namna ya kuitambua beji ya zamani

Wanachama wengi wameuliza, mtu atajuaje kwamba beji aliyo nayo ni ya kweli? Twatoa maelezo machache.

Beji nyingi za Uingereza zilipigwa kwa muhuri wa chuma kizito juu ya bamba jembamba la shaba. Kwa hiyo ukiigeuza nyuma, utaona sura ya mbele imeingia ndani kama bonde. Beji iliyosubiwa, yaani shaba iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, huwa nene na nzito, na uso wake una vitundu vidogo kama vya mkate. Nyuma hutazamwa namna ya kufungia: nyingine zina vipete viwili vya kupitishia pini, nyingine zina ulimi mrefu wa kuchomeka katika kofia. Baadhi zina jina la mtengenezaji, kama J.R. Gaunt wa Uingereza. Katika Vita ya Pili shaba iliadimika, na Waingereza wakatengeneza beji nyingine kwa plastiki. Basi mtu asiidharau beji ya plastiki akidhani ni kitu cha kuchezea mtoto.

Mahali palipo na taji, taji lenyewe husema umri. Taji la siku za wafalme, kuanzia 1902, lina mataya yaliyoinuka na kuviringika juu kama kuba. Malkia Elizabeth alipotawala mwaka 1952, lilichukuliwa taji jingine ambalo mataya yake hudidimia katikati. Tangu 2022 Mfalme Charles amerudia taji la kuviringika, kwa hiyo taji pekee haliwezi tena kuthibitisha ukale.

Siku hizi beji za kuigiza ni nyingi sokoni, na nyingi kati yake zimesubiwa. Hata hivyo si kila beji iliyosubiwa ni ya uongo, maana wakati wa vita vikosi vilivyokuwa mbali vilitengenezewa alama na mafundi wa kienyeji, kama wale wa India. Hapo ndipo ujuzi wa chuma unapokoma. Mtaalamu aliye London aweza kuikataa beji kwa sababu ya vitundu vyake, lakini mjane aliyeiona ikitoka mfukoni mwa mumewe siku aliyorudi ana ushahidi ambao mtaalamu hana. Shida ni kwamba ushahidi wa mjane haujaandikwa.

Tena twaonya: msizisugue. Brasso na majivu huifanya beji ing'ae, bali kila msuguo huondoa shaba kidogo. Askari mwenyewe aliisugua kila asubuhi kabla ya gwaride, na beji ambayo baragumu lake limelainika karibu kufutika imefutwa na kidole gumba chake kwa miaka mingi. Alama ile ya kidole ndiyo sahihi pekee aliyotuachia. Msiifute kwa sahihi zenu.

7. Kwa nini majina

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa juu ya waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Taarifa ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na wa Misri. Katika nchi nyingine kila askari aliyekufa alichongewa jina lake katika jiwe. Kwetu wakubwa wa wakati ule waliona kwamba jina la Mwafrika halihitaji jiwe. Miaka mia moja baadaye majina mengi hayapatikani, kwa kuwa daftari hazikuandikwa vema, au ziliharibika.

Hilo lilifanywa na watu wengine. Lakini twajiuliza: sisi wenyewe twafanya nini? Hapa Nakuru tuna makaburi ya kijeshi Gilgil, yanayotunzwa vizuri. Tuna kambi ya Lanet inayofundisha maofisa. Tuna makumbusho ya Hyrax Hill. Walakini katika nyumba zetu wenyewe, mjukuu akiulizwa babu yake alikuwa kikosi gani, hujibu, "Alienda vita ya Mzungu," basi. Vitu vilivyobaki navyo huangamia. Januari 2008, moto na ghasia vilipoingia Rhonda na Kaptembwo, watu walikimbia na watoto mgongoni, na masanduku yakabaki. Hakuna atakayemlaumu mtu aliyeokoa mtoto akaacha sanduku. Lakini jina lililoandikwa katika daftari mahali pengine lisingeungua.

Wala hatumlaumu mtu auzaye beji kwa sababu ya njaa au ada ya hospitali. Mama mmoja wa chama chetu aliuza shaba zote za baba mkwe wake kwa bei ya pakiti mbili za unga, na siku ile unga ulikuwa na haki kuliko shaba. Tunachosema ni kwamba kabla ya kuuza, kitu kipigwe picha na maneno yaandikwe. Shaba yaweza kwenda. Habari na ibaki.

8. Maazimio ya kamati

Kwa hiyo kamati imeazimia haya, nayo yaletwa mbele ya wanachama wote:

Kwanza, karani atafungua daftari la askari. Kila jamaa italeta habari za mtu wake: jina lake kamili na la baba yake, mahali alipozaliwa, kikosi, namba yake ya jeshi ikijulikana, nchi alizofika, mwaka alioingia na alioachishwa, na mahali alipozikwa. Wapagazi wa Kariakoo, mapaonia, makarani na wapishi wataandikwa sawa na wa bunduki. Waliokuwa msituni wataandikwa katika daftari lilo hilo.

Pili, asiye na beji asione haya kuja. Jina bila beji twalitaka. Beji bila jina tutaipokea, lakini tutamwomba aliyeileta aende kwanza akaulize kwa shangazi na wajomba.

Tatu, beji itabaki mali ya jamaa. Chama kitapiga picha tu, kisha kitairudisha mkononi mwa mwenyewe. Iwekwe pakavu, imefungwa kwa karatasi safi, isigusane na ngozi, maana ngozi huitia shaba kutu ya kijani.

Nne, vijana wasivae sare za kijeshi za babu zao barabarani, hata kwa mzaha au kwa arusi. Sheria ya nchi yakataza raia kuvaa sare ya jeshi bila idhini, na chama hakitaki kumtoa kijana wa mtu kituoni.

Tano, vijana wawili wenye mwandiko mzuri watachaguliwa wawatembelee wazee wasioweza kutoka nyumbani. Waende kabla ya mvua, wasingoje mkutano ujao. Aliyekuwa na miaka kumi na minane katika bonde la Kabaw mwaka 1944 alizaliwa 1926, na wa rika lake waliobaki duniani ni wachache mno. Lakini wake zao, wadogo zao na watoto wao wakubwa wangali wapo, na hao ndio tunaoweza kuwauliza leo.

Wazee wetu husema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi wa ofisi tuliyasikia maneno hayo juu ya fedha za chama, na mwaka huu tumeyaona kuwa kweli juu ya watu. Daftari la askari limewekwa mezani pa karani kila Jumamosi asubuhi, pamoja na kalamu na wino wa kutosha.

Wenu katika utumishi,
Karani, kwa niaba ya Kamati
Rhonda, Nakuru